Dawa ya kupaka ngozi ya kunolea haishiki

Natengeneza dawa ya kupaka kwenye ukanda wa ngozi wa kumalizia makali ya kisu. Nimeyeyusha nta ya nyuki na unga wa oksidi ya kromi (unga wa kijani wa kung'arishia chuma), nusu kwa nusu kwa uzito. Kipande cha dawa kilichoganda kinateleza tu juu ya ngozi, hakiachi rangi. Nimekosea wapi?

Jibu: Nta imezidi na mafuta hayamo. Pima unga sehemu 3, nta 1, mafuta ya madini (mafuta mepesi yatokanayo na mafuta ghafi) 1. Yeyusha nta na mafuta kwenye kikopo kilichokaa ndani ya maji ya moto, kisha tia unga, ukoroge mpaka ianze kuganda. Ukiacha mapema, unga unazama. Vaa barakoa unapopima, tafadhali.

Jibu: Na paka kidogo! Tabaka nene linabonyea na kuyazunguka makali, yakawa butu. Vuta kisu mgongo (upande usio na makali) ukitangulia, bila kukandamiza. Ngozi ikishakuwa nyeusi, ikwangue upake upya.