Panya, mafuta ya samaki na shingo ya baba

BintiMtoni: Habari za jioni wakuu. Baba ana miaka 67. Mwezi uliopita alipigwa ultrasaundi ya shingo, mshipa wa kushoto ukakutwa na utando wa mafuta, akaandikiwa atorvastatin, kidonge cha kundi la statini cha kushusha lehemu (kolesteroli). Kaka yangu kasoma utafiti wa panya kuhusu GPR120, kipokezi (kinasa ishara juu ya seli) cha asidi za mafuta, anasema omega-3, yaani mafuta ya samaki, inatuliza utando; kanunua chupa tatu na anataka mzee aache vidonge. Nyumbani hatuelewani. Utando "kutulia" ndiyo nini, na bado upo palepale?

Fundi wa Maabara: Pole dada. Niko patholojia miaka mingi, mishipa ya namna hiyo nimeikata kwa mkono wangu. Wembe unakwaruza chokaa kama kijiko kwenye ukoko, kisha unazama ghafla kwenye uji wa njano. Hata jina ateroma limetokana na neno la Kigiriki la uji. Juu ya uji huo kuna ngozi ya kolajeni, protini ngumu kama nyuzi. Ikiwa nene, utando umetulia: bado upo palepale, ila mtu anazeeka nao. Ikiwa nyembamba inapasuka, damu inaganda hapohapo, na kwa mshipa wa shingo hicho kinaweza kuwa kiharusi.

Anayeila ngozi hiyo ni makrofaji, seli ya kinga iliyoshiba lehemu ikawa kali. GPR120 imekaa juu yake. Omega-3 ikikigusa kipokezi hicho, ukali unashuka. Mwaka 2010 panya waliotolewa jeni yake walilishwa omega-3 na ukali haukushuka. Kwa hiyo kaka yako hajaokota uongo.

Ila panya wa kawaida hapati utando. Tangu 1992 watafiti wanatumia waliotolewa jeni ya apoE, protini inayosaidia kuondoa lehemu kwenye damu, na hata hao utando wao hupasuka kwa nadra sana. Kwa hiyo wanapima dalili tu, kama unene wa ngozi, si kupasuka kwenyewe.

Mzee wa Feri: Kwa binadamu upo utafiti wa Southampton, Uingereza, 2003. Waliokuwa wakisubiri upasuaji wa shingo walipewa mafuta ya samaki, wengine ya alizeti. Waliokunywa ya samaki, ngozi ilikutwa nene zaidi. Lakini hakuna aliyeambiwa aache dawa! Statini nazo zinakaza ngozi hiyo. Mzee asiache hata siku moja bila daktari wake. Samaki mpeni: vibua, vya kuchemsha, si vya kukaangwa kwenye mafuta ya juzi.

BintiMtoni: Asanteni mno. Nimemsomea kaka yote, neno kwa neno. Kidonge cha leo baba kameza mbele yetu, na chupa tutakwenda nazo kliniki Jumatatu tumuulize daktari.