G3 ya Bukavu, ekivalansi imekwama: nigombanie masta ya maji au niende Forem?

Mama wa Kadutu, Liège

Jambo yenu bandugu. Nilimaliza G3, mwaka wa tatu wa graduat, ya mazingira Bukavu, kisha nikaingia laboratwari ya maji: kupima klorini, pH, uangavu wa maji, kuotesha sampuli ili kuona kama kuna koliforme, bakteria zinazoonyesha uchafu. Kazi hiyo naijua na naipenda. Nilipeleka dosie ya ekivalansi ili diploma yangu itambuliwe Ubelgiji, sasa imerudi na barua: releve (karatasi ya pointi) ya G2 haimo, na muhuri wa ile ya G3 hausomeki. Nimepiga simu, nimeeleza hali ya vita Bukavu tangu Februari 2025. Mtu wa bilo alirudia tu kwamba niombe nakala mpya kwa sekretari wa shule. Shule nayo haijibu.

Nina carte A, kibali cha kuishi Ubelgiji kwa muda, na watoto wawili. Je, niendelee kugombania karatasi hizi mpaka niingie masta, ama niende Forem, ofisi ya kazi na mafunzo ya Wallonia, nijifunze ufundi? Na aliyepata releve mpya kutoka Bukavu baada ya vita kuingia, alipitia kwa nani?

Papa wa Ibanda, Namur

Dada, usiteremke. Omba ufadhili wa ARES au VLIR-UOS, mashirika ya vyuo vya Ubelgiji, Congo iko kwenye orodha ya nchi zao. Vyuo vikuu vya KU Leuven na VUB vina masta yao ya pamoja ya uhandisi wa maji, IUPWARE. Peleka dosie.

Yaya wa Birere, Den Haag

Papa, kwa heshima yote, usimpoteze mama wa watu. Ufadhili huo ni wa mtu ambaye anapoomba bado anaishi kwetu au katika nchi nyingine ya kusini. Mwenye carte A ya Ubelgiji hawamchukui. Wa kuambiwa ni wadogo zetu walioko Bukavu na Lubumbashi. Hao waambieni pia habari za 2iE ya Ouagadougou, shule ya uhandisi wa maji na mazingira, na PAUWES ya Tlemcen, Algeria, shule ya Umoja wa Afrika ya maji na nishati. Kila mtu anatazama Ulaya tu, kisha anakwama kwenye viza.

Huku Delft kuna IHE, inafundisha maji tangu 1957. Ila ni Kiingereza kitupu, na OKP, ufadhili wa serikali ya Uholanzi uliosaidia wengi, umekwisha. Tafadhali acheni kusambaza matangazo ya OKP ya zamani, vijana wanalipia tafsiri za diploma bure.

Papa wa Ibanda, Namur

Nilisema Congo iko kwenye orodha, na iko. Hilo la makazi sikulikana.

Fundi wa Katuba, Verviers

Jambo wakubwa na wadogo. Mimi nilikuja na L2 (mwaka wa pili wa licence) ya Polytechnique ya UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi. Nikiwa nasubiri karatasi nilienda Polygone de l'Eau hapa Verviers, kituo cha Forem cha kazi za maji. Mtafuta kazi aliyejiandikisha halipi. Ukitoka hapo unaomba kazi kwenye kampuni za maji: SWDE, au CILE kwa upande wa Liège, au Vivaqua kule Bruxelles.

Naomba msidharau kazi hii. Kutafuta maji yanayovuja ni kazi ya akili. Saa tisa usiku watu wamelala, robine zimefungwa. Kama mita ya mtaa bado inazunguka kwa kasi, ujue kuna maji yanayopotea chini ya ardhi. Tunafunga vali moja baada ya nyingine mpaka kinabaki kipande kifupi cha bomba. Hapo tunaweka vifaa viwili vya kusikiliza, kimoja kila upande. Sauti ya maji yanayotoka inafika kimoja kabla ya kingine, na kwa tofauti hiyo tunapiga hesabu ya mahali pa kuchimba.

Na kule kwetu jambo hili ni la uhai. Bomba lenye tundu ni hatari zaidi maji yanapokatika. Presha ikishuka, bomba linavuta tope na maji ya choo kupitia tundu lilelile lililokuwa likivuja. Maji yakirudi asubuhi, yule wa kwanza kufungua robine ndiye anayekunywa uchafu ulioingia usiku. Kwa hiyo hata kituo kikiweka klorini sawasawa, mji unaopewa maji kwa zamu unaendelea kuugua. Dada, wewe wa laboratwari umeyaona haya kwa macho: sampuli ya kituoni safi, ya robine ya mtaani chafu. Mtu anayejua kupima na pia anajua bomba, huyo anatafutwa.

Mwalimu wa Nguba, Bruxelles

Fundi umesema vizuri, lakini usimfungie mtu wa laboratwari kwenye mtaro. Kuna VAE, njia ya kuhesabiwa uzoefu wako. Vyuo vikuu vya Wallonia na Bruxelles vinaweza kumpokea mtu kwenye masta kwa miaka 5 ya uzoefu unaolingana na masomo, na miaka ya shule ya juu inahesabiwa humo, isipite 2. Njia hiyo haipiti kwenye ekivalansi. Inataka ushahidi wa kazi: attestation de service (cheti cha kazi), mikataba, barua ya mkubwa wako.

Fundi wa Katuba, Verviers

Mtaro huo ndio unaolisha watoto wangu, Mwalimu. Na kama shule haitoi releve, attestation itatoka wapi?

Mama wa Kadutu, Liège

Aksanti nyote. Attestation ninayo. Ninachokosa ni releve. Nani ameipata?

Kijana wa Keshero, Lyon

Bukavu angalau mna vijito vinavyoshuka milimani. Goma imekaa juu ya lava: hakuna mto, mvua inazama palepale, maji ya robine yanapandishwa kutoka ziwani kwa umeme. Januari 2025 umeme ulipokatika, pampu zilisimama, na watu wakateremka Kivu na bidoni wakati risasi zinalia. Mama yangu alikuwa kati yao. Wazee wetu waliona kipindupindu cha Julai 1994 kilivyowamaliza wakimbizi kwa makumi ya maelfu, na baada ya miaka yote hiyo mji bado unategemea waya wa umeme. Nasoma maji kwa sababu hiyo. Serikali ilikuwa wapi?

Mwalimu wa Nguba, Bruxelles

Usiseme serikali ya Kinshasa peke yake. Sheria 15/026 ya 31 Desemba 2015 iliondoa ukiritimba wa REGIDESO, shirika la maji la serikali, na kuipa mikoa madaraka juu ya maji.

Yaya wa Birere, Den Haag

Madaraka bila franga, Mwalimu. Mkoa utanunua pampu kwa pesa gani?

Fundi wa Katuba, Verviers

Dada, jiandikishe Forem juma hili huku dosie ikiendelea, kimoja hakizuii kingine. Ila kama unapata RIS, ile pesa ya msaada wa kila mwezi, mwone kwanza asistanti wako wa CPAS, ofisi ya msaada ya komuni, kabla ya kusaini mkataba wa mafunzo.

Papa wa Ibanda, Namur

Turudi kwenye sheria. REGIDESO haikuondolewa, ipo. Kilichobadilika ni kwamba wengine nao wanaweza kuendesha mtandao wa maji, na hao wanatafuta wafanyakazi. Hilo vijana wetu hawaambiwi. Mwenye sheria nzima, si muhtasari, aitume hapa.