Siasa kali za kushoto na kulia: dini ni petroli au ni breki?

Mleta mada:
Wakuu, kuna ubishi nakutana nao kila siasa ikipamba moto. Mmoja anasema siasa kali zinaletwa na dini, ondoeni dini muone watu wanavyotulia. Mwingine anajibu hapana, watu wakimuacha Mungu ndo wanageuka wanyama, waangalieni makomunisti. Mi haya mambo nayafuatilia miaka mingi na naona wote wawili kuna kitu kikubwa wanakiruka, kwahiyo nimeona nilete hapa tujadiliane.

Tuanze na kushoto, yaani wajamaa na makomunisti. Mwaka 1931 serikali ya Stalin ililipua kanisa kuu la Kristo Mwokozi pale Moscow ili mahali pake lijengwe jumba refu la kuitukuza nchi yao ya kisovieti. Jumba halikujengwa, kikabaki kiwanja na shimo, na mwaka 1960 pale pale pakafunguliwa bwawa la kuogelea. Lakini hao hao waliosema dini ni ujinga, Lenin alipokufa 1924 waliutia mwili wake dawa usioze, wakauweka kwenye kioo, watu wakawa wanapanga foleni kwenda kuutazama. Kambodia hivyo hivyo, Khmer Rouge, makomunisti wa huko, kuanzia 1975 hadi 1979 waliwavua watawa wa Kibudha majoho yao wakawapeleka mashambani, Waislamu wa kabila la Wacham nao wakakatazwa ibada, na kilichobaki juu ya kila mtu kilikuwa Angkar, maana yake Shirika. Watu walikuwa wanaambiana Angkar ina macho kama nanasi, yaani inakuona kutoka kila upande. Sasa jamani chama cha siasa gani kinasemwa hivyo, hiyo si ndo sifa tunayompa Mungu? Na inakadiriwa watu kama milioni 1.7 walikufa ndani ya miaka isiyofika minne.

Njoo kulia, yaani wale wa taifa letu kwanza. Askari wa jeshi la Hitler kwenye chuma cha mkanda wake palikuwa pameandikwa "Gott mit uns", Mungu yuko pamoja nasi. Maneno yenyewe ni ya zamani, tangu majeshi ya Prussia, ule ufalme wa zamani wa Kijerumani, Wanazi waliyakuta wakayaacha yaendelee, wakaongeza tu msalaba wao wa swastika hapo hapo. Wakati huo kuna Waprotestanti waliojiita Wakristo wa Kijerumani, walitaka wachungaji wenye asili ya Kiyahudi wafukuzwe kazi, na mwaka 1933 kwenye mkutano mkubwa Berlin msemaji wao alisimama akadai Agano la Kale liondolewe. Yaani mtu yuko tayari kuchana Biblia ili ifanane na chama.

Ninavyoona mimi, kushoto kali wanataka kuiua dini na kulia kali wanataka kuivalisha sare, ila sababu ni hiyo hiyo, hawawezi kuvumilia mtu ambaye dhamiri yake ina mkubwa mwingine zaidi yao. Angalieni wanamuua nani. Gandhi 1948 aliuawa na Mhindu mwenzake aliyeona anawabeba Waislamu. Rabin, waziri mkuu wa Israeli, 1995 aliuawa na Myahudi mwenzake mshika dini kwasababu alikubaliana na Wapalestina. Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani wa Italia, Mkatoliki, alikuwa anatafuta namna ya kufanya kazi na Wakomunisti, nani walimuua? Red Brigades, watu wa kushoto kabisa, walimshikilia siku 55 mwaka 1978, maiti yake ikakutwa nyuma ya gari dogo jekundu aina ya Renault. María Elena Moyano wa Peru alikuwa mama wa mrengo wa kushoto, kazi yake majiko ya pamoja na maziwa ya watoto, Shining Path, waasi wa kikomunisti, walimpiga risasi 1992 wakaulipua na mwili. Na askofu mkuu Romero wa El Salvador, tarehe 23 Machi 1980 aliwaambia askari kwenye mahubiri kwamba hakuna askari anayelazimika kutii amri inayopingana na sheria ya Mungu, kesho yake akapigwa risasi anaongoza misa, na waliomuua walikuwa watu wa kulia wanaosema wanaiokoa nchi na ukomunisti, kwenye nchi ya Wakatoliki watupu.

Dini inayoweza kuwaambia "hapana" watu wake yenyewe ni breki. Ikishindwa hapo ni petroli. Nawasikiliza.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu umeandika vizuri ila dini umeibeba sana. Umeisoma Nyange? Rwanda, Aprili 1994, watu zaidi ya 1,500 walikimbilia kanisani wakiamini hapo hawataguswa, likaja buldoza likabomoa kanisa wakiwa ndani. Paroko wao, Athanase Seromba, mahakama ya kimataifa iliona kwamba alimuonyesha dereva upande ulio dhaifu, na mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Huyo hakuvalishwa sare na mtu, huyo ndo alikuwa mwenye nyumba. Na usije ukaniambia "hiyo sio dini ya kweli" maana nitakuuliza kipimo cha dini ya kweli anacho nani. Mimi nilisali mpaka nina miaka thelathini, nilipotoka sikutoka kwa chuki, nilitoka kwasababu kila ubaya ulipotokea tuliambiwa ni wa mtu mmoja mmoja na kila wema tuliambiwa ni wa dini.

Mchangiaji wa pili:
Naunga mkono aliyetangulia na naongeza. Mleta mada unaweka kushoto na kulia kwenye mizani moja kama vile ni mapacha, mi hapo nakataa. Tarehe 23 Machi 1933 bunge la Ujerumani lilipiga kura kumpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Wakomunisti walikuwa wameshakamatwa au wamejificha. Waliopiga kura ya hapana ni wabunge 94, wote wa chama cha Social Democrats, watu wa kushoto, huku SA, wanamgambo wa Hitler, wamejaa ukumbini wanawatisha. Chama cha Wakatoliki, Zentrum, kilipiga ndio, na kiongozi wake Ludwig Kaas alikuwa padri! Kwahiyo siku breki ilipohitajika kuliko siku zote, aliyekanyaga ni nani?

Halafu kushoto sio Stalin peke yake. Ernesto Cardenal wa Nikaragua alikuwa padri, mshairi, na waziri wa utamaduni kwenye serikali ya mapinduzi. Machi 1983 Papa Yohane Paulo II alipotua Managua, Cardenal alipiga magoti pale pale uwanjani, Papa akamnyooshea kidole mbele ya kamera. Mzee wa watu alikuwa anawatetea maskini, lakini aliyekemewa ni yeye. Wakubwa wa dini kidole chao mara nyingi kinaelekea upande mmoja tu.

Mleta mada:
Wakuu nimewasoma wote na sitajitetea pasipostahili. Nyange siikwepi. Nikisema dini ikishindwa kuwaambia hapana watu wake ni petroli, Nyange ndo petroli yenyewe, na sisemi haikuwa dini ya kweli. Ilikuwa kanisa la kweli na padri wa kweli, na waliokufa mle walikuwa waumini wake.

Ya Zentrum inauma zaidi kwasababu ule uchaguzi wa Julai 1932 Wanazi walipopata asilimia 37, maeneo ya Wakatoliki yaliwapa kura chache kuliko ya Waprotestanti. Yaani waumini wa kawaida walikuwa wamegoma, miezi nane baadaye viongozi wao wakaachia wakitegemea ahadi kwamba kanisa lao halitaguswa. Hapa umenirekebisha na nakubali, kwenye hoja yangu niliandika "dini" kana kwamba ni mtu mmoja, kumbe aliyesema hapana na aliyesema ndio walikuwa wanasali kanisa moja. Na wale 94 wamenionyesha kwamba dhamiri yenye mkubwa mwingine sio lazima iwe ya mtu wa dini.

Ila ya Cardenal malizia mkuu. Huyo huyo alikuja kumpinga Ortega, mwenzake wa mapinduzi, akasumbuliwa na serikali ya huyo Ortega mpaka uzeeni. Mwaka 2019 Papa Fransisko alimrudishia ruhusa ya kutoa huduma za kipadri, mwaka uliofuata akafariki. Na Ortega? Februari 2023 askofu Rolando Álvarez alihukumiwa miaka 26 jela baada ya kukataa kupandishwa ndege kwenda uhamishoni, Agosti chuo kikuu cha Wajesuiti kikataifishwa. Mapinduzi yaliyokuwa na mapadri barazani yakaja kufunga askofu. Usawa wa kushoto na kulia siupigii debe, nasema tu hakuna upande wenye chanjo.

Mchangiaji wa tatu:
Nyie mnaongea ya Ujerumani, mi nina kaka yangu. Dini yetu siitaji na chama chake sikitaji maana havibadilishi kitu. Ameimba besi kwenye kwaya miaka kumi na moja. Alianza kutuma video kwenye grupu la familia, mwanzoni ni mistari ya maandiko na neno la asubuhi, baadaye mstari mmoja na mwanasiasa mmoja, baadaye mwanasiasa tu. Nilichogundua mimi ni kwamba aliacha kusema "nadhani". Na watu wa ule upande mwingine hawana majina tena, ni "wale". Sasa aliyosema mleta mada kuhusu wanaanza na nani nimeyaona kwa macho, kaka hakugombana na hao "wale", kiongozi wetu wa ibada ndo alikuwa wa kwanza, eti ni laini, eti kanunuliwa, kisa aliombea pande zote mbili siku moja. Akaacha kusali kwetu, sasa hivi ibada yake ni simu.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole dada. Kwa hili sina hoja ya kubishana.

Mleta mada:
Pole sana dada yangu. Naomba nikuulize kitu, na kama kinauma usijibu. Alipoondoka kuna mtu wa kwaya alimfuata?

Mchangiaji wa tatu:
Mwalimu wa kwaya alimpigia mara moja, kaka akakata simu, basi ikaishia hapo, wengine wote walikaa kimya tu. Mimi kila Alhamisi tukimaliza mazoezi namtumia rekodi ya sauti ya besi. Tiki zinageuka bluu, najua kasikiliza. Hajibu.