Wakuu, nitajuaje kama mchezaji kasaini kweli kabla klabu haijamtangaza?

Mdau wa Msamvu
Wakuu salaam. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na mambo ya usajili, nipo njia panda na usingizi hauji.

Kuna kiungo mshambuliaji anacheza ligi ya nje. Mkataba wake umeisha mwisho wa mwezi wa sita, yaani ni mchezaji huru. Redioni asubuhi, kijiweni, Instagram kwa wachambuzi wote, habari ni moja: anakuja kwenye moja ya timu zetu mbili za Kariakoo. Wengine wanasema ameshatua usiku, amefichwa hotelini, anasubiri kutambulishwa tu. Jina sitaji wala timu sitaji, maana najua uzi utageuka matusi.

Swali langu: kama huna mtu ndani ya klabu, unaangalia dalili gani kujua kwamba huyu kasaini na siyo maneno ya mitandaoni? Nahitaji jibu kabla ya wiki hii kuisha. Tafadhali msiniambie nisubiri watangaze.

Kijana wa Jangwani
Subiri watangaze.

Mzee wa Kona
Mkuu, mimi nafuatilia madirisha haya muda mrefu, nikupe ninayoyaamini.

La kwanza ni mkataba. Kiungo Clatous Chama mkataba wake na Simba ulikuwa unaisha Juni 2024. Watu walibishana wee, tarehe 1 Julai Yanga wakamtangaza asubuhi kweupe. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kuzungumza na klabu nyingine miezi sita ya mwisho ya mkataba wake, kwa hiyo ikifika Julai anayehama kwa njia hiyo kwa kawaida alishamaliza mambo yake zamani. Kama huyo wako mkataba umeisha na bado ni tetesi tu, ujue kuna kitu hakijakaa sawa, na mara nyingi ni hela ya kusaini.

La pili, hesabu nafasi za wageni. Ligi yetu wageni ni 12. Kama zimejaa na hakuna aliyepewa Thank You, yaani kuagwa na klabu, huyo mpya atakaa wapi?

La tatu, picha ya uwanja wa ndege siyo mkataba. Mtu anaweza kuja kufanya mazungumzo, akala pweza Coco Beach, akaondoka.

Lakini usisahau upande wa pili. Aziz Ki wa Yanga mwaka huo huo wa 2024 mkataba ulikuwa unaisha, katoka kufunga mabao 21 na kuwa mfungaji bora, kila mtu anasema kaondoka. Akaongeza mkataba pale pale. Kuondoka aliondoka mwaka uliofuata, alipokwenda Wydad ya Morocco. Kwa hiyo tetesi yenye kelele kubwa siyo lazima iwe ya kweli.

Lunyasi wa Ilala
Mimi hayo mambo nilishaacha kuyafuata. Luis Miquissone alinifundisha adabu. Februari 2021 nilikuwepo kwa Mkapa anaipiga Al Ahly lile bao, watu tunakumbatiana na tusiowajua. Nikamnunulia mwanangu jezi yenye jina lake mgongoni. Agosti, kauzwa kwa Al Ahly hao hao! Mtoto analia, anauliza kwa nini wamemchukua. Karudi Simba 2023, jezi imeshambana dogo, haipiti hata kichwani.

Kijana wa Jangwani
Pole sana ndugu yangu. Nyie mmezoea kuuza, sisi tunachukua mpaka kwenu.

Lunyasi wa Ilala
Mlichukua Chama akiwa huru, hamkununua. Na Morrison alipokuja kwetu Simba 2020? Mlishinda mnapiga kelele ana mkataba wa miaka miwili, kamati ya TFF, shirikisho letu la soka, ikaona una kasoro, mkaenda mpaka CAS, mahakama ya michezo ya kimataifa, mkaangushwa Novemba 2021. Halafu 2022 mkamrudisha wenyewe.

Kijana wa Jangwani
Alirudi nyumbani. Nyumbani hakukatazwi mtu kurudi.

Mama Salma wa Tabata
Mdogo wangu mleta uzi, wacha hawa wabishane. Mimi nimesoma ujumbe wako mara mbili. Shabiki wa kawaida hana haraka ya "kabla ya wiki kuisha". Na hakosi usingizi kwa ajili ya kiungo mshambuliaji. Umebeti?

Mdau wa Msamvu
Hapana dada yangu, sibeti kabisa. Ni mambo ya biashara tu, na hayahusiani sana na swali. Mzee wa Kona shukrani, umenisaidia. Vipi wale wachambuzi wenye kurasa kubwa, yule anayeandika "done deal", anaaminika?

Wakili wa Mtaa
Biashara gani inategemea mchezaji asaini wiki hii? Funguka mkuu, hatuwezi kutibu ugonjwa tusioujua.

Mdau wa Msamvu
Sawa. Nauza nguo Morogoro. Nimechapisha jezi zenye jina la huyo mchezaji. Kabla hamjaanza kunishambulia, sikilizeni hesabu. Jezi tupu elfu kumi na tano, kuchapa jina na namba elfu tano. Siku ya utambulisho kila mtu anataka jina jipya, mafundi wote Kariakoo wana foleni, na mimi nazo ziko dukani tayari, elfu thelathini na tano bila maneno. Anayesubiri watangaze anakuta wenzake wameshauza. Hiyo ndiyo biashara, lazima uwahi.

Mzee wa Kona
Jezi ngapi?

Mdau wa Msamvu
Mia moja na hamsini.

Babu Kijiwe
Milioni tatu kwenye mgongo wa mtu ambaye hajasaini! Haya, chai yangu nimeiweka pembeni, naendelea kusoma.

Fundi Cherehani
Mkuu mimi niko kwenye fani hii. Umesema jina na namba. Namba umeipata wapi?

Mdau wa Msamvu
Anavaa 10 huko anakotoka.

Fundi Cherehani
Na huku 10 haina mwenyewe?

Mdau wa Msamvu
Anayeivaa sasa anasemekana anaondoka.

Fundi Cherehani
Kwa hiyo unasubiri tetesi mbili zitimie pamoja. Mmoja aje, mwingine aondoke, halafu klabu ikubali kumpa mgeni namba 10 siku ya kwanza. Fei Toto alipoondoka Yanga, namba 6 yake walimpa Skudu Makudubela, nani alikuwa ameota hilo? Jina unaweza kubahatisha, namba ni uamuzi wa watu wengine kabisa.

Mzee wa Kona
Umemtaja Fei, hapo ndipo penyewe. Desemba 2022 dunia nzima ilijua anakwenda Azam. Yeye mwenyewe aliaga, na hela ya kuvunja mkataba, milioni 112, aliingiza kwenye akaunti ya Yanga. Uhakika gani zaidi ya huo? Januari kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Sakata likafika mpaka kwa Rais Samia, akawaomba viongozi walimalize. Azam kaenda Juni 2023. Aliyechapa jezi za Fei wa Azam ile Krismasi angekaa nazo nusu mwaka, na tetesi ilikuwa ya kweli!

Wakili wa Mtaa
Mimi nauliza la kwangu. Jezi tupu ya elfu kumi na tano ni ya nani? Klabu hizi zina mzabuni wa jezi mwenye mkataba. Jezi halali haiuzwi bei hiyo hata kwa jumla. FCC, wale wa Tume ya Ushindani wanaokamata bidhaa bandia, wakipita dukani na Sheria ya Alama za Bidhaa mkononi, hawatakuuliza mchezaji kasaini au hajasaini.

Mdau wa Msamvu
Ni jezi nzuri, kitambaa kinapumua. Tusihame kwenye mada.

Mama Salma wa Tabata
Mada ni hela, mdogo wangu. Milioni tatu ulizitoa wapi?

Mdau wa Msamvu
Ni mtaji wa nyumbani.

Mama Salma wa Tabata
Wa nyumbani kwa nani?

Mdau wa Msamvu
Mke wangu alichukua mkopo kikoba. Ilikuwa niende Ifakara ninunue mpunga sasa hivi wakati wa mavuno bei iko chini, tuhifadhi, tuuze mbele ya safari. Mimi nikaona mpunga unachukua miezi, jezi ni siku tatu. Nizungushe, nipate faida, halafu niende Ifakara na mpunga ninunue mwingi zaidi. Wazo halikuwa baya wakuu. Kilichochelewa ni klabu kutangaza tu.

Babu Kijiwe
Mpunga unaliwa. Umewahi kuona mtu anapika namba 10?

Dada wa Kihonda
Jamani mimi naomba tusimame kidogo, kwa sababu mimi ni mweka hazina wa kikoba na hii hadithi naiona ina matundu. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Hela haitoki bila wanachama kukaa, kuhesabu, na mkopaji kuja na wadhamini. Sasa mume anapataje kuzichukua kimya kimya? Na akaunti yako naona imefunguliwa wiki hii hii, uzi wa kwanza ndiyo huu. Hii ni chai, hadithi ya kutunga, tena chai ya maziwa.

Kijana wa Jangwani
Dada umenifungua macho! Huyu ni dalali wa mchezaji. Anakuja hapa "sitaji jina, sitaji timu", watu waanze kukisia, jina livume, klabu ziogope kupitwa, hela ya kusaini ipande. Mtindo wa siku zote.

Lunyasi wa Ilala
Leo nakubaliana na mtu wa Jangwani, andikeni tarehe. Dirisha zima madalali wanatuchezesha. Wanavujisha kwa mchambuzi, mchambuzi anasema redioni, sisi tunagombana na majirani, mchezaji kumbe anaongeza mkataba kule kule alikokuwa.

Mzee wa Kona
Dalali angetaja jina, jamani. Faida ya kuficha jina ni nini?

Kijana wa Jangwani
Leta picha mleta uzi. Bila picha ni chai.

Mdau wa Msamvu
Dada wa Kihonda, sanduku sijaligusa. Mkopo ulitoka kikaoni, wadhamini wawili, kila kitu kihalali. Aliyenipa hela ni mke wangu, mkononi, na nauli ya Ifakara juu. Picha hiyo hapo, jina nimelifunika na kitambaa kwa sababu niliyosema.

Fundi Cherehani
Nimeikuza hiyo picha. Marobota ni ya kweli, na jezi ya juu kona ya sifuri imeanza kunyanyuka. Hizo ni herufi za kubandika kwa mashine ya joto, na fundi wako hakuupa moto wa kutosha. Kwako hiyo ni habari njema. Ingekuwa wino umeingia kwenye kitambaa, zingekuwa za deki. Za kubandika zinapashwa moto taratibu, unabandua herufi moja moja, gundi inayobaki unaifuta na dawa yake. Zingine zitaacha kivuli, zile uza bei ya chini za mazoezini. Mimi ningebandua mia, nikaacha hamsini za kubahatisha.

Dada wa Kihonda
Picha nimeiona. Basi swali langu linabadilika: mkeo anajua?

Wakili wa Mtaa
Na Fundi, kubandua jina hakuondoi nembo ya klabu mbele. Lile la FCC liko pale pale.

Mdau wa Msamvu
Fundi ubarikiwe, hilo la kubandua sikulijua. Lakini kubandua mia sasa hivi ni kujikatia tamaa. Leo asubuhi redioni wamesema vipimo vya afya tayari. Nikibandua kesho, wakamtangaza keshokutwa, nitajilaumu maisha yangu yote. Nafikiria nisubiri mpaka wiki ya tamasha la klabu, hapo lazima wamtambulishe.

Mzee wa Kona
Redio ile ile iliyosema ametua?

Mama Salma wa Tabata
Dada wa Kihonda kauliza, hujamjibu. Mkeo anajua?

Mdau wa Msamvu
Anajua nimekwenda Ifakara.

Babu Kijiwe
Sasa hivi uko wapi?

Mdau wa Msamvu
Kwa rafiki yangu, Kariakoo.

Dada wa Kihonda
Kaka yangu, nakuambia kama mtu anayeshika daftari. Rejesho la kwanza lisipoletwa, anayesimamishwa mbele ya wenzake ni yeye, na wadhamini wake wawili wanakatwa kwenye hisa zao. Bandua mia leo, uza tupu hata kwa elfu kumi na tatu, hiyo ni milioni moja na laki tatu mkononi. Mpigie umwambie kabla hajasikia kwa mtu wa Ifakara. Rejesho lao ni lini?

Mdau wa Msamvu
Jumapili. Lakini kwa elfu kumi na tatu nakula hasara dada. Naongea na fundi anishikie nafasi Jumatatu, kama hawajatangaza ndiyo tuanze kubandua.

Dada wa Kihonda
Jumatatu ni baada ya Jumapili.

Chalii wa Ifakara
Nimechelewa uzi. Huku mpunga wiki hii umeanza kupanda, wanunuzi wa Dar wamejaa. Mleta uzi hiyo namba 10 ipo XL?

Mdau wa Msamvu
Zipo. Nitumie namba yako inbox.