Naomba ushauri: udongo na kutu kule ndani juu ya mapine

Bandugu salamu. Niko na Toyota RAV4 ya zamani, inazunguka hapa Goma kila siku, Ndosho mpaka Birere, sasa mvua ikinyesha udongo na ile changarawe nyeusi ya volkano binaruka binashikamana kule ndani juu ya mapine, bikikauka binakuwa kama simenti. Batoto ba kuosha gari banamwanga mayi inje tu, gari inang'ara, lakini ukiingiza mukono ndani udongo uko pale pale, na nyuma kutu imeanza kula kwenye ukingo.

Fundi mumoja anasema nifungue ile plastiki ya ndani yenye inafunika juu ya pine, nioshe na mayi ya presha, kisha nipulize mafuta ya moteri yenye ilishatumika. Mie hiyo mafuta siiamini kabisa, inaharibu kauchu (mipira) na ikifika kwenye freni ni hatari. Na presha yenyewe haiwezi pasua kauchu za ekseli?

Mwenye anajua anisaidie, nikwangue kutu nipake antiruye (rangi ya kuzuia kutu), ama grisi inatosha? Na klipsi za hiyo plastiki zikivunjika, hapa mujini zinapatikana wapi? Ninataka nimalize mbele mvua ya mwezi wa 9 ianze.