Naomba ushauri: rekodi za minara na faiba zinanitesa

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia minara 38 ya simu pamoja na njia ya faiba (waya wa mawasiliano wenye nyuzi za kioo) kati ya Mikumi na Iringa. Kila fundi ana daftari lake la Excel, na hakuna mawili yanayofanana.

Wiki iliyopita kijiko cha mkandarasi wa barabara kilikata waya karibu na Ruaha Mbuyuni. Mashine ya OTDR, inayopima urefu wa waya mpaka ulipokatika, ikasoma kilomita 14.3 kutoka kituoni. Tukachimba hapo, waya mzima! Kumbe kwenye mashimo ya maungio kuna mizunguko ya waya wa akiba ambayo hakuna aliyeiandika, kwa hiyo urefu wa waya na urefu wa barabara haviendani. Mkato tuliupata mita 400 nyuma, saa nane usiku, kwa tochi za simu. Minara sita ilikuwa imezimika muda wote huo, na mmoja ndio unaotegemewa na zahanati ya kijiji. Hilo liliniuma sana.

Nimeanza kuchora njia kwenye QGIS, programu ya ramani, kwa sababu ni ya bure. Je, itabeba mpaka rangi ya kila unyuzi na akiba ya kila shimo, au nitafute programu nyingine? Rekodi za betri na dizeli za minarani niziweke humo humo? Na wenzangu mnawabanaje wakandarasi watoe taarifa kabla ya kuchimba? Barua nimeandika tatu, kimya.

Aliyewahi kupita hapa anielekeze, tafadhali.