Mrejesho: Kuhama leja za karatasi kwenye SACCOS yetu

Wakuu, asanteni. Niliuliza nifanyeje wafanyakazi wa SACCOS yetu wakubali mfumo wa kompyuta, maana vikao na michoro havikusaidia. Mmoja wenu akanipa kisa cha Stephen Denning wa Benki ya Dunia: mwaka 1996 aliacha chati, akaanza kusimulia jinsi mhudumu wa afya katika mji mdogo wa Zambia alivyopata jibu kuhusu tiba ya malaria, mwaka 1995, kwenye tovuti ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa. Kisha Denning anawauliza wenzake: mbona Benki haimo kati ya wanaotoa maarifa kama hayo? Kisa ni kifupi makusudi, msikilizaji akijazie mambo ya kwao.

Kwetu nilianza kwa kuwaomba wao wasimulie. Dada wa kaunta akamtaja mwanachama aliyekuja kuomba mkopo wa dharura, leja yake iko kwa mkaguzi, akaondoka mikono mitupu. Halafu mhasibu wetu mkongwe, mpinzani mkubwa kuliko wote, akasimulia alikotoka: mfumo uliingia, wenzake wakapunguzwa. Kumbe kompyuta yenyewe haikuwa tatizo! Hofu hiyo hakuna mchoro ungenionyesha.

Nikaipeleka kwa bodi. Imeandika barua kwamba hakuna atakayepunguzwa kwa sababu ya mfumo, na mzee ndiye anayehakiki salio kabla halijaingizwa. Mikopo imeshahamia, hisa bado. Leja na kompyuta vinakwenda sambamba hadi hesabu za mwaka zifungwe.